Kuvua Sangara kwa Chambo cha Bandia

Muhula uliopita mwalimu wetu wa baiolojia alituuliza swali hili: "Samaki hukijuaje chakula chake?" Baadhi yetu tulijibu kwamba hukiona, wengine wakasema hukinusa. Mwalimu hakusema nani amepata wala nani amekosa. Alituagiza tu kwamba kila mmoja arudi kutoka likizo ya Juni na jibu alilolichunguza mwenyewe, si la kusikia. Makala haya ndiyo jibu langu, nami nimeyapanga kama somo, ili mwenzangu akitaka kujaribu aweze kufuata hatua kwa hatua.

Hapa shuleni Nyakato tuko karibu na barabara ya Musoma, na kelele za malori twazisikia kuliko za mawimbi. Lakini kwetu ni Igombe, kaskazini ya mji wa Mwanza, ambako karibu kila nyumba ina wavu au migonzo. Migonzo, kwa wasioijua, ni kamba ndefu yenye ndoana nyingi, nayo hutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye mlezi wetu, ana migonzo yenye ndoana 300. Kila ndoana yataka samaki mdogo mmoja awe chambo, furu au kambale mchanga, na akiwa hai ni bora zaidi. Basi kila siku ya kutega sharti wapatikane samaki wadogo 300, na mtafutaji wao alikuwa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 11, anayesoma darasa la tano. Aliamka gizani akaenda ukingoni na kipande cha wavu, na siku ambazo upepo ulikuwa mbaya alimaliza kazi wakati wenzake wamekwisha kuingia kipindi cha tatu. Mwezi wa Mei ilikuja barua kutoka shuleni kwake kuuliza sababu.

Sisemi haya ili kumlaumu baba mdogo. Chakula chetu, sare zangu na madaftari yangu vyote vimetoka katika migonzo hiyo. Lakini nilijiuliza: je, haiwezekani kumvua sangara kwa chambo kisicho samaki? Ikiwezekana, mdogo wangu atakwenda shule. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya uchunguzi wangu, nayo kwangu ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

CHAMBO CHA BANDIA NI NINI?

Chambo cha bandia ni kitu cha mti, bati, plastiki au manyoya, kilichotengenezwa kifanane na samaki mdogo au mdudu, kikafungwa ndoana na kuvutwa majini. Hakina ladha wala harufu ya chakula. Samaki akikidaka, amedanganywa kabisa.

Uvuvi wa namna hii unajulikana sana baharini. Katika pwani yetu, kwenye miamba ya matumbawe ya Mafia na Pemba, wako watu wanaovua kwa mchezo, na samaki wanayemtamani sana ni kolekole mkubwa, ambaye jina lake la kitaalamu ni Caranx ignobilis. Huyu ni samaki mpana wa mwili na mwenye nguvu nyingi, awindaye pembeni mwa mwamba ambapo mkondo hupita kwa kasi. Mvuvi hurusha mti uliochongwa kama samaki na kukatwa bapa usoni, kisha huuvuta kwa mishtuko ili upige maji na kutoa povu kama samaki anayekimbia roho yake. Kolekole akiupiga, hukimbilia mara moja kwenye matumbawe ili akate mshipi. Mkubwa kuliko wote walioandikwa katika uvuvi wa fimbo alivuliwa Japani mwaka 2006, na uzito wake ulikuwa kilo 72.8. Na mwaka 2017 filamu ya BBC iitwayo Blue Planet II ilionyesha kolekole wa visiwa vya Shelisheli wakiruka juu ya maji na kudaka ndege waliokuwa wakipaa. Samaki wa namna hiyo hangoji kunusa chakula.

Ziwani kwetu hakuna kolekole wala matumbawe. Lakini miamba tunayo tele. Yale mawe makubwa yaliyobebana juu ya vilima vya Mwanza, kama lile Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha, yako pia chini ya maji, nayo huacha nyufa na vivuli ambamo samaki wadogo hujificha. Na pembeni mwa mawe hayo yuko mwindaji wetu, sangara, Lates niloticus. Sangara na kolekole si wa ukoo mmoja, lakini kazi yao ni moja: wote hukaa pembeni mwa mwamba na kumngojea aliyekosea njia. Kwa hiyo elimu ya mmoja yaweza kumsaidia mvuvi wa mwingine. Hata katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, wageni huja kumvua sangara kwa fimbo na chambo cha bandia.

SANGARA ALIFIKAJE KWETU?

Wengi wetu tulizaliwa tukamkuta sangara, tukadhani ni wa ziwa hili tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Kwao ni mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, Ziwa Albert, Ziwa Turkana, na mito mingi ya Afrika ya Magharibi. Maporomoko yalimzuia asipande hadi kwetu, mpaka wanadamu walipombeba. Mwaka 1954 alikuwa amekwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda, na katika miaka ya 1962 na 1963 walitiwa wengine, Uganda na Kenya. Waliotaka aletwe walisema kwamba atawageuza furu, samaki wadogo wenye miiba na wasio na bei, kuwa nyama nono. Baadhi yao walipenda pia mchezo wa kumvua kwa fimbo. Wengine walipinga. Mtaalamu mmoja wa samaki, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kuonya juu ya hatari ya kumleta.

Katika miaka ya 1980 sangara alijaa ziwa zima. Wachunguzi kutoka chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu mwisho wa miaka ya 1970, waliona aina nyingi zikipungua na kutoweka mwaka hata mwaka. Upande wa pili, viwanda vya minofu vilijengwa katika mji wetu, na minofu ikasafirishwa Ulaya. Mabondo yakapata wanunuzi wa Asia kwa bei kubwa. Na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki, yakawa kitoweo cha wasio na fedha. Basi sangara amewala wengi na kutulisha wengi, na mtu hawezi kutaja habari moja akaiacha nyingine.

Nimetaja historia hii kwa sababu yahusu chambo. Furu waliobaki ndio tunaowakamata ili tumvue sangara. Na kambale mchanga anayetungwa kwenye ndoana hatakuwa kambale mkubwa. Kila usiku twalipa samaki mia tatu ili tupate kumi.

KWA NINI HUDAKA KISICHOLIKA?

Mwaka 1936 mvuvi mmoja wa Ufini, jina lake Lauri Rapala, alichonga chambo cha gome jepesi, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Alikifunika kwa karatasi ing'aayo ya chokoleti, kisha akakipaka picha za filamu zilizoyeyushwa ili maji yasiingie. Kabla ya hapo alikuwa amekaa katika mashua yake akiwatazama samaki wakubwa wakila wadogo. Akaona jambo moja: katika kundi zima la samaki wadogo, mkubwa humfuata yule anayekwenda upande, yule anayeyumba kidogo kuliko wenzake. Basi alichonga chambo chake kiyumbe vilevile. Leo vyambo vyenye jina lake vinauzwa karibu dunia nzima.

Sababu yaeleweka ukifikiri. Mwindaji hutafuta chakula kwa nguvu zake mwenyewe, na kila mbio humpunguzia nguvu. Akimfukuza aliye mzima huenda akamkosa. Akimfukuza aliye mgonjwa atampata. Kwa hiyo jicho lake limezoea kutafuta anayechechemea. Simba hufanya hivyo kwa nyumbu, na sangara hufanya hivyo kwa dagaa.

Tena samaki haoni kwa macho tu. Kila ubavu wa sangara una mstari unaotoka nyuma ya kichwa hadi mkiani. Chini ya mstari huo mna vijitundu vyenye vinyweleo vidogo sana vinavyosikia mtikisiko wa maji. Samaki mdogo akitikisa mkia vibaya, sangara husikia kwa ubavu wake hata kama maji ni ya kijani na jicho halifiki mbali. Hivyo chambo cha bandia chapaswa kutimiza mambo mawili: kionekane, na kisikike. Uzuri wa rangi huja baadaye.

NAMNA NILIVYOKITENGENEZA

Vyambo vya dukani ni ghali, nami sikuwa na fedha. Nilitumia vitu vifuatavyo: ndala kuukuu, spoku ya baiskeli, kopo tupu la mafuta ya kupikia, karatasi ing'aayo ya biskuti, gundi, risasi kidogo ya chubwi, na ndoana mbili.

Kwanza, kata soli ya ndala kipande cha urefu wa sentimita 15 na upana wa vidole viwili. Ikiwa ni nyembamba, gundisha vipande viwili pamoja. Kichonge kwa wembe mpaka kiwe na umbo la dagaa mnene, tumbo chini, mgongo juu.

Pili, pitisha spoku katikati tangu kichwa hadi mkia, uikunje kitanzi kila mwisho. Kitanzi cha mbele ni cha mshipi, cha nyuma ni cha ndoana. Spoku nyingine fupi ishuke tumboni kwa ndoana ya pili, nayo ifungwe kwa ile ya kwanza. Usifunge ndoana kwenye ndala yenyewe, maana sangara ataondoka nayo na kukuachia ndala.

Tatu, pasua tumbo kidogo, utie risasi ya ukubwa wa punje mbili za mahindi, uzibe kwa gundi. Risasi ndiyo inayofanya tumbo likae chini.

Nne, kata kipande cha bati chenye umbo la ukucha wa kidole gumba, lakini kikubwa mara mbili. Kichomeke chini ya kidevu kikielekea mbele kwa kushuka, ukigundishe. Huu ndio mdomo wa chambo, na siri yote imo humo. Kikivutwa, maji hupiga mdomo, chambo kikazama kidogo na kuyumba kulia na kushoto.

Tano, kifunike kwa karatasi ing'aayo, ukiache kikauke siku nzima.

Kijaribu penye maji maangavu kabla ya kwenda kuvua. Kikizunguka kama pia, mdomo ni mkubwa mno au risasi ni ndogo, rekebisha. Kikikimbilia kushoto daima, pinda kitanzi cha mbele kidogo kuelekea kulia, na kinyume chake. Changu cha kwanza kilizunguka, cha pili kilielea ubavu kama samaki aliyekufa zamani, cha tatu kikayumba vizuri. Mdogo wangu alikiona akapiga kelele, "Kaka, hicho kinaumwa!" Nikajua kimefaulu.

MAHALI NA SAA

Sangara hawezi kuvumilia maji yenye hewa haba. Kwa hiyo msitafute katika vighuba vilivyotulia na kujaa magugu, ila kwenye pwani inayopigwa na upepo, ambapo mawimbi huchanganya hewa na maji. Toka Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchafua ziwa na kuyachanganya maji ya juu na ya chini, hata samaki huweza kushuka kwenye kina ambacho miezi mingine hakina hewa ya kutosha. Hapo sharti mvuvi ajaribu kina mbalimbali.

Saa njema ni alfajiri na magharibi, wakati nuru ni kidogo. Macho ya sangara hung'aa yakimulikwa na taa, kama ya paka, na katika mwanga hafifu yeye huona vizuri kuliko samaki anaowawinda. Mchana wa jua kali huteremka chini au hujificha kivulini.

Sikuwa na fimbo wala gurudumu la kukunjia mshipi, nami nilitumia mshipi mnene wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha mti. Tulipiga kafi mtumbwi wa baba mdogo polepole sambamba na mawe, chambo kikifuata hatua 40 nyuma yetu. Nilishika mshipi kwa vidole, na mtikisiko wa chambo niliusikia kama moyo wa kuku mkononi. Ukikoma, ni kwamba kimeshika jani, nawe ukivute ukisafishe. Kila baada ya muda tulipunguza mwendo ghafula, kisha tukaongeza. Mara nyingi sangara hupiga wakati huo wa kubadili mwendo.

Akishika, huvuta kwanza kwa uzito, kisha hupanda juu, akafunua kinywa na kutikisa kichwa ili atapike ndoana. Usilegeze mshipi hata kidogo, wala usivute kwa nguvu zako zote. Meno yake ni madogo na mengi kama msasa, nayo hula mshipi taratibu. Kwa hiyo mbele ya chambo funga kipande cha mshipi mnene zaidi.

JARIBIO NA MATOKEO

Nilivua asubuhi 12, kila siku tangu saa 12 hadi saa 2, mahali pamoja. Asubuhi 6 nilitumia chambo hai kwenye ndoana moja, na asubuhi 6 chambo cha bandia, nikibadilisha siku kwa siku. Kila samaki nilimpima kwa kafi, ambalo nilikuwa nimelikata alama kwenye sentimita 50, kwa sababu sheria yetu yakataza kuvua sangara aliye chini ya kipimo hicho. Haya ndiyo niliyoyapata:

Kwa chambo hai: sangara 9. Kati yao 7 walikuwa chini ya sentimita 50.

Kwa chambo cha bandia: sangara 4. Kati yao 1 alikuwa chini ya sentimita 50, na mkubwa alikuwa wa sentimita 71.

Asubuhi 3 za chambo cha bandia sikupata kitu.

Najua kwamba siku 12 ni chache, na mtu mwingine mahali pengine aweza kupata hesabu nyingine. Lakini nimeona mambo mawili yanayostahili kufikiriwa. La kwanza, chambo kikubwa hakikuwavutia sana sangara wachanga. La pili, kati ya wale wadogo 7 wa chambo hai, 4 walikuwa wameimeza ndoana mpaka tumboni, na tulipoitoa walikuwa wamekufa au wanakufa. Chambo cha bandia hakimezwi hivyo, maana samaki hukipiga kikiwa mwendoni na ndoana hushika mdomoni.

Yule mmoja mdogo wa chambo cha bandia nilimpata siku ambayo nyumbani hapakuwa na kitoweo. Alama ya kafi ilimpita kwa upana wa vidole vitatu. Mdogo wangu alisema, "Kaka, nani anatuona?" Baba mdogo alikuwa ameshika kafi nyuma, naye hakusema neno. Nililowesha mikono, nikatoa ndoana, nikamshika samaki majini mpaka akatikisa mkia mwenyewe akaenda. Jioni tulikula ugali kwa mchicha. Sijutii, lakini sitasema kwamba ilikuwa rahisi.

JAMBO LILILONISHINDA

Sasa nieleze lile nililolitaka tangu mwanzo. Niliposhika sangara wa sentimita 71 nilimwendea baba mdogo kwa furaha, nikamwomba aniruhusu kufunga vyambo 10 vya ndala kwenye migonzo yake, ili tuone kama vinaweza kuchukua nafasi ya samaki hai. Alikubali. Tukatega jioni. Alfajiri ndoana nyingine zilikuwa na sangara 11, lakini zangu 10 zilikuwa tupu, vyambo vinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Tulirudia usiku wa pili, tukapata vivyo hivyo.

Baba mdogo hakunicheka. Alishika kimoja, akakigeuza, akasema: "Mwanangu, hiki kikitembea ni samaki. Kikisimama ni ndala."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko jaribio lote. Uhai wote wa chambo cha bandia hutoka mkononi mwa anayekivuta. Migonzo hukaa kimya usiku kucha, na katika ukimya ule chambo hai ndicho kinachotikisika chenyewe na kutoa harufu. Kwa hiyo chambo cha bandia hakiwezi kuchukua nafasi ya samaki 300 wa kila siku, na yeyote atakayekuja kuwaambia wavuvi wa migonzo kwamba chaweza, hajakijaribu.

Lakini hatukuishia hapo. Kila alfajiri baba mdogo hupiga kafi kwenda kwenye migonzo yake na kurudi, na mwendo huo ulikuwa haumpatii kitu. Sasa huburuta chambo cha ndala nyuma ya mtumbwi akienda na akirudi. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja kwenye daftari langu. Nilimwomba apunguze ndoana siku za shule, na asimwamshe mdogo wangu siku hizo. Alinyamaza sana. Ndoana mia pungufu ni fedha, na chambo cha ndala hakimpi samaki kila siku. Mwishowe alisema kwamba toka Jumatatu hadi Ijumaa atatega ndoana 200, chambo chake atakitafuta mwenyewe jioni kabla ya kutega, na tutazame hadi mwisho wa mwaka.

TAHADHARI

Mwenye kutaka kujaribu azingatie haya:

1. Usizungushe mshipi mkononi kamwe. Sangara mkubwa aweza kukata kidole au kukutupa majini. Ushike kwa vidole, ili uweze kuuachia.

2. Vaa jaketi la kuokolea maisha, hata kama wajua kuogelea. Upepo wa ziwa letu hubadilika upesi.

3. Usisimame majini penye magugu na maji yaliyotulia. Humo hukaa konokono wanaoeneza kichocho, na penginepo mamba na kiboko.

4. Ponda kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachozuia isichomoke. Samaki ukimvuta sawasawa hatatoka, na ndoana ikikuchoma wewe itatoka kwa urahisi.

5. Usimshike sangara kwenye mashavu bila kuangalia. Vifuniko vyake vina ncha kali.

6. Pima kila samaki. Aliye mdogo arudi majini upesi, akishikwa kwa mikono iliyoloweshwa.

7. Ulizeni kwanza kwa ofisa wa uvuvi au kamati ya mwalo kama mahali mnapotaka kuvua panaruhusiwa, na kama kibali chahitajika. Kokoro na nyavu za macho madogo zimekatazwa, hata kwa kutafutia chambo.

MWISHO

Sasa nalijibu swali la mwalimu. Samaki hukijua chakula chake kwa kukiona, na wale waliosema hivyo walipata. Hukijua pia kwa kukinusa, hasa chakula kilichotulia, na wale nao walipata. Lakini liko jibu la tatu ambalo hakuna kati yetu aliyelisema: hukisikia kwa ubavu, na katika vyote anavyovisikia huchagua kile kinachochechemea.

Kwa wenzangu wa pwani wanaomvua kolekole kwa fimbo nzuri, chambo cha bandia ni mchezo, na mchezo si kosa. Kwetu sisi ni kitu kidogo tu cha kuongezea katika kazi. Hakikuokoa ziwa, wala hakikuondoa shida ya chambo hai. Kimetupa sangara mmoja mmoja, tena wa kipimo, katika safari ambayo zamani ilikuwa tupu.

Mwezi wa Agosti nilipata barua ya mdogo wangu. Ameandika kwamba tangu shule zifunguliwe mwezi wa Julai amekosa siku 3 tu, na mbili kati ya hizo alikuwa na homa. Ameandika pia kwamba ndala zake za kuogea hazionekani, na kwamba anamshuku baba mdogo. Nimemjibu kwamba nitamnunulia nyingine, ila ajifunze kuandika neno "kafi" vizuri, maana ameliandika kwa herufi nyingine.

Mwaka ujao nitakuwa nimemaliza kidato cha nne. Mwenye kupenda kuendeleza jaribio hili, daftari langu la vipimo nimemkabidhi mwalimu wa baiolojia. Afanye siku nyingi kuliko zangu, aandike kweli, hata zile asubuhi ambazo hakupata kitu.